Kutoa upepo kwenye breki za gari ukiwa peke yako

Ukikanyaga breki ukahisi kama mguu uko juu ya godoro, pedali ikashuka mbali kabla gari halijaanza kushika, kisha ukipampu mara mbili tatu ikapanda na kukaza kidogo, shuku upepo. Mafuta ya breki hayabonyei, upepo unabonyea. Nguvu ya mguu ambayo ingefika kwenye pedi, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu, inaishia kubana mapovu njiani.

Wengi tumezoea kuona kazi hii ikifanywa na watu wawili: mmoja ndani anakanyaga, mwingine chini anafungua na kufunga nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, na katikati yao ni kelele za "kanyaga!", "shikilia!", "achia!" Mimi sasa naifanya peke yangu, na sioni kwamba nakosa kitu. Mara nyingi upepo hurudi ndani pale wa juu anapoachia pedali kabla wa chini hajafunga. Ukiwa peke yako hakuna kupishana huko, mradi umeufunga mpira wako wa kutolea mafuta jinsi nitakavyoeleza na mguu wako hauna haraka.

Hakikisha kwanza kwamba ni upepo

Usifungue chochote kabla hujaisikiliza pedali. Zima injini, kanyaga mara tano sita ili busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu injini ikiwaka) iishiwe nguvu, halafu bonyeza kwa nguvu na ushikilie kwa nusu dakika.

Ikiwa inabonyea kama sponji lakini inasimama mahali pamoja, huo ni upepo. Ikiwa inazidi kuzama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja, au raba za ndani ya masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali) zimekwisha na mafuta yanapita pembeni. Utatoa upepo mpaka jioni na hali itabaki ileile. Chungulia nyuma ya kila gurudumu na mahali masta silinda inapokutana na busta. Unyevu wowote pale ni jambo la kushughulikia kwanza.

Kuna na hali ya tatu inayowapotosha wengi: pedali iko chini ukikanyaga mara ya kwanza, mara ya pili inakuja juu na ni ngumu kabisa, haina usponji. Gari lenye breki za dramu nyuma likifanya hivyo, mara nyingi viatu vya breki (vile vinavyotanuka na kushika dramu kwa ndani) vimelika na havijarekebishwa, viko mbali na dramu. Dawa yake ni kuvirekebisha.

Yako magari ambayo naomba usiyaguse kwa njia hii. Mengi ya haibridi na ya umeme yana breki zinazoendeshwa na kompyuta na pampu yake. Hayo yana utaratibu maalumu unaohitaji mashine ya kupimia, na pampu inaweza kujiwasha yenyewe wakati mkono wako uko kwenye pedi. Vivyo hivyo kama kitengo cha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, kilifunguliwa au kilikauka mafuta: upepo ulionasa ndani ya vali zake kwa kawaida hautoki kwa mguu peke yake. Gari la kawaida lenye ABS ambayo haijaguswa halina shida. Linatolewa upepo kama jingine lolote.

Mafuta ya kununua

Soma kifuniko cha tangi la breki chini ya boneti. Kitakuwa kimeandikwa DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1. Haya matatu ni ya jamii moja, yanatokana na glaikoli, na yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Unyevu ndio unaoyaua. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kipimo cha chini kinashuka hadi 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155, na DOT 5.1 kutoka 260 hadi 180. Ukishuka mlima mrefu huku umeshikilia breki, kalipa (kibanio kinachozishika pedi) inapata joto kali, mafuta ya zamani yanachemka, mvuke unatokea, na pedali inakwenda chini wakati ule unapoihitaji kuliko wakati wowote. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari halikutembea sana.

DOT 5 bila ".1" ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni silikoni, na haichanganywi na hayo mengine. Usidanganywe na namba kuwa kubwa.

Nunua chupa mpya iliyofungwa. Lita moja inatosha kubadilisha mafuta yote ya gari dogo na kubaki na akiba. Ile chupa iliyokaa rafu mwaka mzima ikiwa imefunguliwa, hata kama mafuta yake bado ni meupe, iache.

Vifaa vingine ni vichache: spana ya ringi inayoingia sawasawa kwenye nipeli (mara nyingi ni 8, 10 au 11), mpira mwembamba unaoonyesha ndani wenye urefu wa mita moja hivi, chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, waya wa kuining'inizia, bomba kubwa la sindano, vitambaa, ndoo ya maji, jeki, stendi za jeki, kabari za magurudumu, na kipande cha ubao. Vaa glovu na miwani. Mafuta ya breki yanawasha macho vibaya sana, na rangi ya gari yanaibambua. Tone likianguka kwenye bodi, mwagia maji hapohapo, usisubiri kumaliza.

Kuliandaa gari

Egesha mahali pagumu na tambarare, injini imezimwa. Usitegemee hendibreki ukiinua nyuma, kwa sababu katika magari mengi inashika magurudumu hayohayo uliyoyainua. Weka kabari magurudumu ya mbele. Kama hendibreki ni ya kubonyeza kitufe, liweke gari kwenye hali ya matengenezo kama kitabu chake kinavyoelekeza. Na kamwe usiingize mwili chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tupu. Hili silisemi kwa desturi tu. Ukiwa peke yako hakuna wa kukusikia, na kazi hii itakufanya upande na kushuka kwenye kiti mara nyingi. Kila ukikanyaga, gari linatikisika. Liwe juu ya stendi.

Pikapu na gari la mizigo mara nyingi huwa na vali nyuma, karibu na ekseli, inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Ukiliinua magurudumu yakaning'inia, vali hiyo inadhani gari halina uzito kabisa na inabana njia ya mafuta. Utakanyaga weee, na nyuma yatatoka machozi tu. Gari kama hilo litolee upepo magurudumu yakiwa yamebeba uzito, au stendi ziwekwe chini ya ekseli.

Sasa fungua tangi. Kama mafuta ni meusi kama chai ya rangi iliyokolea, yanyonye kwa bomba la sindano, ukiacha kidogo chini ili matundu ya masta silinda yasibaki wazi. Jaza mapya hadi alama ya juu. Ukikwepa hatua hii utayasukuma machafu yote kupitia mabomba, kazi ya bure. Weka kifuniko juu bila kukikaza.

Kisha rudi ndani uweke ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Kwenye gari la zamani hili ni muhimu sana. Kwa miaka mingi raba za masta silinda zimekuwa zikitembea sehemu ya mwanzo tu ya silinda. Kule mbele, ambako hazifikagi, huwa kuna kutu na uchafu. Ukizisukuma hadi mwisho kwa mara ya kwanza zinakwaruzika, na siku ya pili unakuta masta silinda inapitisha. Wapo waliotoa upepo wakaondoka na tatizo kubwa kuliko walilokuja nalo, na sababu ni hiyo.

Nipeli

Nipeli ni ile skrubu ndogo yenye tundu katikati, iliyofunikwa kofia ya raba, nyuma ya kalipa au nyuma ya sahani ya dramu. Lazima iwe juu kabisa ya kalipa, kwa kuwa upepo hupanda. Ukiikuta iko chini, kuna mtu alibadilisha kalipa ya kulia akaifunga kushoto, na hata ukimaliza ndoo nzima ya mafuta upepo hautatoka.

Isafishe kwa brashi. Kama ina kutu, ipulizie dawa ya kulegeza kutu na uiache ikae. Anza kwa kuigusa upande wa kukaza kidogo tu, ndipo ulegeze. Ile sauti ndogo ya "tik" ndiyo ishara kwamba imeachia. Tumia ringi au soketi ya pembe sita. Spana ya mdomo wazi inazila kona zake, na nipeli iliyokatikia ndani inaweza kukulazimu ununue kalipa nyingine. Ikigoma kabisa, gonga kalipa kwa nyundo ndogo kuizunguka, ongeza dawa, ukafanye jingine. Kuvuta kwa hasira ndiko kunakoikata.

Mpira na chupa

Hapa ndipo ilipo siri ya kufanya kazi peke yako, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Vika spana kwenye nipeli kwanza, halafu chomeka mpira. Mpira uingie kwa kubana. Ukiwa mlegevu utavuta upepo pembeni. Uelekeze juu moja kwa moja kutoka kwenye nipeli, kama sentimita 20 au 30, ndipo uupindishe kushuka kwenye chupa. Chupa iwe na mafuta mapya sentimita mbili au tatu, na ncha ya mpira izame humo muda wote. Ining'inize kwa waya kwenye springi au mahali popote imara.

Kwa nini juu kwanza? Kwa sababu povu likitoka kwenye nipeli litapanda hadi kwenye kilele cha mpira na kukaa huko, na chini yake, juu ya nipeli, panabaki mafuta matupu. Ukiachia pedali, kiasi kidogo kinavutwa kurudi ndani. Kitakachorudi ni mafuta. Mpira ukilala chini tangu mwanzo, povu linabaki palepale mlangoni, na linarudi nyumbani kwake kila unapoachia mguu.

Kuna mlango mmoja wa wizi: nyuzi za nipeli yenyewe. Ikiwa imelegezwa, upepo unaweza kupenya pembeni mwa nyuzi pedali inaporudi. Paka grisi ya raba, ile maalumu ya breki, kuzunguka nipeli pale inapoingia kwenye kalipa. Grisi ya kawaida na mafuta ya injini usivilete karibu na breki, vinavimbisha raba. Wanaotumia pampu ya kunyonya ndio wanaosumbuliwa zaidi na jambo hili: wanaona mapovu hayaishi, wanadhani mfumo umejaa upepo, kumbe pampu inauvuta kutoka nje kupitia nyuzi hizo. Kwa kazi ya nyumbani mimi napendelea mpira na chupa.

Kama umepata mpira wenye vali ya kuruhusu njia moja, utumie, ila usiache kuupandisha juu. Vali hizo zikipata uchafu hazifungi vizuri.

Mguu

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Gari lenye usukani kulia, hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Lenye usukani kushoto, geuza. Magari mengine breki zake zimegawanywa kimsalaba na mpangilio wake ni tofauti. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate.

Legeza nipeli robo ya mzunguko, isizidi nusu. Simamisha simu yako mahali inapouona mpira, washa video, kisha nenda kwenye kiti.

Kanyaga polepole, hesabu moja, mbili, tatu hadi mguu ufike kwenye ubao. Tulia kidogo. Achia polepole zaidi ya ulivyokanyaga, hesabu hadi nne. Tulia tena sekunde mbili ili masta silinda ijaze kutoka kwenye tangi. Hiyo ni moja. Ukipampu harakaharaka unalipiga povu kubwa moja likawa mamia ya mapovu madogo kama ya sabuni, na hayo yanang'ang'ania ndani ya kalipa na hayataki kutoka.

Fanya mara nane, shuka, nenda ukaangalie tangi. Sio kumi na tano, sio "ngoja nimalizie". Siku moja nilipitiliza nikiwa gurudumu la tatu. Pedali ilikuwa imeshaanza kupendeza, mara ikadidimia yote kwa pamoja. Tangi lilikuwa limekauka, upepo umeingia kutoka juu, na ikabidi nirudi gurudumu la kwanza kana kwamba sijafanya kitu. Tangu siku hiyo nahesabu kwa sauti.

Tazama ile video. Mwanzoni utaona vipande virefu vya upepo, mpira unaonyesha mafuta, pengo, mafuta, pengo. Kisha yanakuja mapovu ya ukubwa wa punje ya mtama. Mwisho ni uzi wa vitone vidogo mno vinavyopanda vikifuatana kama shanga, na hapo ndipo wengi wanafunga wakidhani wamemaliza. Endelea mizunguko miwili zaidi ya kukanyaga mara nane. Mafuta yatakuwa yamebadilika kutoka kahawia hadi rangi ya asali nyepesi, na ndani ya mpira hakuna kinachotembea.

Kabla ya kufunga, gonga kalipa taratibu kwa mpini wa nyundo, kanyaga mara nne za mwisho, halafu njoo ukae pale chini. Mafuta yataendelea kushuka yenyewe kutoka kwenye tangi kwa uzito wake. Yaache yadondoke kwa dakika moja hivi, na ufunge yakiwa bado yanatembea. Kwa namna hiyo hakuna kinachoweza kurudi ndani. Kaza kwa mkono mmoja ulioshika spana karibu na kichwa chake. Nipeli ni laini na inaziba kwa ncha yake, haihitaji nguvu. Futa, mwagia maji, rudisha kofia ya raba. Nenda gurudumu linalofuata.

Kuipima kazi

Ukimaliza yote manne, jaza tangi hadi alama ya juu, kaza kifuniko, toa ubao. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga: pedali iwe juu na ngumu, na ukikanyaga mara ya kwanza isitofautiane na mara ya tatu. Shikilia kwa nguvu dakika nzima. Isizame. Sasa washa injini mguu ukiwa palepale. Pedali itashuka kidogo na kusimama. Hiyo ni busta inafanya kazi yake, usiogope.

Zunguka nipeli zote ukizigusa kwa kitambaa kikavu. Zikiwa kavu, rudisha magurudumu, shusha gari, kaza nati. Tembeza mbele na nyuma uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, ushike breki mara kadhaa, kabla hujagusa barabara. Taa ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, au pedali ikiwa na wasiwasi wowote, gari haliondoki.

Ikibaki laini baada ya yote haya, tafuta upepo ulipojificha. Bana mipira ya breki mmoja baada ya mwingine kwa kibanio maalumu chenye meno ya duara (koleo la kawaida litaukata mpira kwa ndani bila wewe kujua), ukikanyaga kila mara. Ukibana wa gurudumu fulani pedali ikawa ngumu ghafla, tatizo liko kwenye gurudumu hilo: ama bado lina upepo, au mpira wenyewe umezeeka na unavimba ukikanyaga, au viatu vyake viko mbali. Ukibana yote na bado ni laini, kesi iko kwenye masta silinda au ABS, na hapo ni haki kumwita fundi.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye tangi hata yakionekana safi, na usiyamwage ardhini wala kwenye mtaro. Yatie kwenye chupa yake peke yake, usiyachanganye na oili chafu ya injini, andika nje ni nini, yaweke mbali na watoto, kisha uyapeleke mahali wanakopokea taka za gari. Yana sumu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, kanyaga tena mara moja ukiwa umetulia. Angalia na tangi, na sakafu chini ya kila gurudumu. Pedali ikiwa palepale ulipoiacha jana, na chini ni pakavu, chukua ufunguo uende.